Kuitwa Mara ya Pili: Kazi ya Kuigiza Mbele ya Kamera Ukiwa Malindi au Lamu

Kupata kazi ya kwanza ya kuigiza hapa pwani si jambo gumu sana. Kampuni ya filamu ikishuka Malindi, au ikivuka Mokowe kwenda Lamu, huhitaji nyuso za watu wa hapa: wavuvi, wauza samaki, mahamali wa gatini, kina mama wa harusini. Mtu huonwa barabarani, huitwa, hulipwa kwa siku, akarudi zake nyumbani. Kigumu ni kuitwa mara ya pili, kisha ya kumi, mpaka simu ya watu wa kasti, yaani wanaochagua waigizaji, iwe sehemu ya riziki yako. Anayeitwa tena mara nyingi ni yule ambaye video yake ilionekana na kusikika vizuri, aliyejua mistari yake, aliyekumbuka alishika kikombe kwa mkono gani, na aliyefika kabla ya saa. Mambo haya yote hufundishika. Kipaji kinachoishia kwenye video yenye giza na feni inayovuma hakuna atakayekiona.

Maamuzi mengi ya nani achukuliwe hufanyika Nairobi, na kiasi chake Mombasa. Lakini hadithi za pwani zinapendwa: Citizen TV na Maisha Magic Plus zimekwisha kuonyesha tamthilia ndefu za Kiswahili zilizojengwa juu ya maisha ya huku. Ongeza matangazo ya biashara yanayotaka mchanga na bahari, video za mashirika kuhusu afya au uvuvi, filamu fupi za wanafunzi, na kazi za Waitaliano ambao Malindi ni kama mji wao wa pili. Mtayarishaji akimchukua mwigizaji aliyeko hapa hapa, hamlipii ndege wala chumba. Hiyo ndiyo nguvu yako ya kwanza, na inafaa uiseme wazi kwenye wasifu: "Ninaishi Malindi, nafika Mombasa kwa saa 3, Nairobi kesho yake." Wa Lamu aandike pia kwamba anahitaji kujua mapema, kwa sababu kuna boti, kisha ndege ya Manda au basi la Mokowe, na usafiri huo haupatikani saa zote.

Weka folda moja kwenye simu, iwe tayari wakati wote. Ndani yake ziwe picha 3: ya kichwa na mabega ukiwa umetulia, nyingine ukitabasamu, na ya mwili mzima. Zipigwe kivulini, saa 1 au 2 asubuhi, bila filta na bila pambo nyuma. Kisha maelezo mafupi: urefu kwa sentimita, kifua, kiuno, nambari ya kiatu, umri unaoweza kuigiza (tuseme miaka 25 hadi 33), lugha, na mambo unayoyaweza. Hapa usiongeze chumvi. Andika unaogelea ikiwa unaweza kuogelea na nguo zako zote mwilini. Andika unaendesha dau ikiwa unaweza kushika demani (kamba ya tanga) na kupiga bisho (kwenda dhidi ya upepo) bila nahodha kukuelekeza. Uongo wa aina hii hugunduliwa katikati ya maji, kamera ikiwa chombo cha pili, na mtu anaweza kupoteza maisha.

Sasa video ya majaribio, maana hapo ndipo wengi hukwama. Siku hizi mchujo wa kwanza karibu wote ni wa video unayojirekodi mwenyewe. Tangazo likifika kwenye WhatsApp, lisome mpaka mwisho: tarehe za kurekodi, mahali, malipo, na saa ya mwisho ya kutuma. Kama tarehe zinaangukia kwenye arusi ya dada yako ambayo huwezi kuikosa, usitume. Kukubali kisha kujitoa huandikwa kwenye vichwa vya watu kuliko video mbaya.

Simu iwekwe kwa upana, isisimame wima. Tumia kamera ya nyuma. Ubora wa 1080p unatosha kabisa. 4K huongeza uzito wa faili tu. Lenzi iwe sawa na macho yako, na fremu ianzie katikati ya kifua hadi juu kidogo ya kichwa. Kama huna tripodi, stuli na rundo la vitabu vitafanya kazi hiyo, mradi simu isitikisike.

Ukuta ndio mtego wa nyumba zetu. Nyingi zimepakwa chokaa nyeupe. Simu hupima mwanga wa picha nzima, huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso mweusi huzama gizani. Tundika shuka la rangi moja, la kijivu au bluu iliyofifia, lililopigwa pasi, usimame kama mita 1 mbele yake ili kivuli chako kisiangukie juu yake. Kanzu nyeupe na buibui jeusi huleta shida hiyo hiyo kutoka pande mbili, basi vaa rangi ya kati isiyo na maua. Kisha aliye nyuma ya simu aguse uso wako kwenye kioo na kushikilia kidole mpaka mwanga na fokasi vifungwe. Asipofanya hivyo, kila ukisogea picha itang'aa na kufifia, na mtazamaji ataangalia hilo badala ya kukuangalia wewe.

Dirisha liwe mbele yako au ubavuni, lisiwe nyuma kabisa. Wenye nyumba za mawe Lamu wana bahati isiyoonekana: ukisimama kwenye msana (ukumbi mrefu) unaotazama kiwanda (ua wa ndani), saa 3 au saa 4 asubuhi, mwanga wa juu hugonga kuta na kukufikia ukiwa laini, bila kivuli kikali chini ya macho. Malindi, baraza lenye kivuli linatosha, ila usimame ndani kidogo ili nyuma yako pasiwe na jua. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, subiri dakika 10 kabla ya kurekodi, kwa sababu lenzi itashika ukungu. Jasho usilifute. Likandamize kwa karatasi laini, kisha upake poda kidogo isiyo na rangi kwenye paji la uso na pua.

Sauti naipa uzito kuliko picha. Video yenye giza kidogo bado hutazamwa, ila isiyosikika hufungwa. Kuta nene za matumbawe huzuia kelele za nje, lakini chumba kitupu hurudisha mwangwi. Simamisha magodoro mawili nyuma ya simu na kando, utasikia tofauti papo hapo. Malindi adui ni feni, tuktuk na upepo wa kusi. Lamu ni injini za mashua, punda na jenereta za jirani. Zima feni na friji, na uweke funguo za nyumba ndani ya friji hiyo ili usiweze kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Tazama saa za adhana, upange kazi yako katikati yake. Maikrofoni ndogo ya kubana, hata ya bei nafuu, inashinda ile ya simu ikiwa umesimama mbali. Ibane kifuani, kiganja kimoja chini ya kidevu, mbali na mtandio na mkufu.

Anayekusomea mistari ya mwenzako asimame bega lake likikaribia kugusa simu. Mtazame yeye, usitazame lenzi. Asome kwa sauti ya chini kuliko yako, asiigize, na asiharakishe. Utambulisho peke yake ndio unaotazama lenzi: jina, urefu, ulipo, basi. Tuma sini (kipande kimoja cha hadithi) mara mbili, si mara tano, na mara ya pili iwe na uamuzi tofauti. Kama mwanzoni ulimkaripia mume, sasa mbembeleze kwa maneno yale yale. Mwongozaji atajua kwamba unaweza kuelekezwa, na hilo ndilo analolitafuta kwenye video.

Kisha tuma kama unavyotakiwa. Ukituma video kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana na kuichakaza. Itume kama dokumenti, au uiweke kwenye Google Drive na ufungue ruhusa ili mwenye kiungo aweze kuitazama. Mtu wa kasti mwenye video mia mbele yake hatakuandikia kuomba ruhusa. Faili lipewe jina lako, jina la mhusika na nambari ya sini. Wengi hutuma "VID_0047", na video hizo hupotea kwenye simu za watu.

Ukiitwa seti, yaani mahali pa kurekodi, kuna tabia za kuacha nje. Waigizaji wengi wa huku wamelelewa na tamasha za drama za shule, au na animesheni ya mahoteli ya Malindi, yaani burudani ya wageni, ambapo kila usiku unacheza mbele ya wageni wasioelewa lugha yako na mwili ndio husema yote. Shule hiyo ni nzuri kwa ujasiri na kwa pumzi. Mbele ya kamera, ishara zile zile huonekana kubwa mara kumi. Kwenye shoti ya uso, yaani picha ya karibu, nyusi zikipanda ni kama mtu amepiga kelele. Sema kwa sauti ya kumfikia mwenzako tu, kwa kuwa fundi wa sauti ameshakufikia kwa maikrofoni yake. Mtazame mwenzako kwenye jicho moja, lile lililo karibu na kamera. Ukihama kutoka jicho hadi jicho, kwenye skrini macho yataonekana yanahangaika. Usitikise kichwa kukubali kila neno lake. Sikiliza tu.

Ratiba ya siku hutumwa jioni ya kuamkia kazi. Isome yote: saa ya kuripoti, sini zipi, mavazi yapi. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika 1 ya picha, na hugawanywa sehemu 8. Ukiona sini yako ni 2/8, ni fupi, lakini huenda ndiyo ya kwanza alfajiri. Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Unaweza kumzika baba kabla ya chakula cha mchana na kumposa binti wa watu alasiri, huku kwenye hadithi posa ilitangulia miezi mitatu. Kwa hiyo andika kando ya kila sini mambo manne: natoka wapi, najua nini, sijui nini bado, na mwili wangu uko katika hali gani. Bila hivyo utaingia kwenye sini ya furaha na huzuni ya mazishi ya asubuhi.

Mwendelezo, yaani kufanya jambo lile lile kwa namna ile ile kila sini inaporudiwa, ndio unaowatofautisha wenye kuitwa tena na wengine. Chukua sini ya chai ya asubuhi: mahamri, mbaazi za nazi, kikombe. Itapigwa shoti pana, kisha juu ya bega lako, juu ya bega la mwenzako, kisha uso mmoja mmoja. Kila pembe ikirudiwa mara 3 au 4, utakula kifungua kinywa hicho mara 15 au 20. Ukimega nusu ya hamri kwenye shoti ya kwanza, lazima umege nusu kila mara, na tui litakukinai kabla shoti ya uso wako haijafika, ambayo aghalabu huja mwisho. Mega kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Amua kinaingia mdomoni kwenye neno gani, kikombe kinashikwa na mkono upi, na kinatua kwenye sahani baada ya sentensi ipi. Kitue kimya, wakati hakuna anayezungumza, kwa sababu mlio wake ukiangukia juu ya neno la mwenzako, neno hilo limeharibika. Mhariri akikuta kikombe mkono wa kulia kwenye shoti pana na wa kushoto kwenye ya karibu, ataacha igizo lako bora na kuchukua lile linaloungana. Hana namna nyingine.

Sakafuni utawekewa alama ya tepu mahali pa kusimama. Usiitazame unapoijia: simama juu yake, rudi kinyumenyume ukihesabu hatua hadi mwanzo, kisha uje kwa hesabu hiyo. Ufukweni ni kazi nyingine. Kwenye mchanga wa Shela hakuna tepu inayoshika, na nyayo zako za mazoezi zitaonekana kwenye shoti, basi rudi mahali pa kuanzia kwa kuzunguka nyuma ya kamera, hata kama ni mbali na jua ni kali. Fahamu pia kwamba bamvua hupandisha maji kama mita 3, na mahali mliposimama asubuhi panaweza kuwa bahari alasiri. Mwigizaji wa huku anayejua maji yanajaa saa ngapi akamwambia msaidizi wa mwongozaji mapema, kwa adabu, ameokoa siku nzima ya watu.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, skripti nyingi huandikwa mbali na huku, na utaona maneno ambayo bibi wa Mambrui hawezi kuyasema. Yataje siku ya kusoma pamoja, mezani, ukiwa na neno mbadala mkononi. Usiyabadilishe kamera ikiwa inazunguka, maana mwenzako anasubiri neno lile ili ajibu. Jizoeze kuhama pia. Lafudhi ya Kiamu itakupa uhusika wa nahodha, lakini mwaka una tamthilia ngapi za manahodha? Anayeweza kusema Kiamu, Kiswahili chenye ladha ya Kigiriama, na Kiswahili cha habari za saa 1 ana milango mitatu. Kiitaliano cha Malindi ni wa nne.

Lugha hiyo hiyo hukulisha miezi ya ukame. Matangazo ya redio na kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni ni kazi halisi. StarTimes, kwa mfano, imekuwa ikitia Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina. Sauti yako ya sampuli isizidi dakika 1. Irekodi kabatini kati ya nguo zilizotundikwa, kwenye faili la WAV la 48 kHz, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6, na usiweke muziki chini yake.

Kuna jambo ambalo watu wa Nairobi husahau kuuliza na sisi huona haya kulisema: mipaka. Kama huvui hijabu, kama hubusu, kama huigizi umeshika chupa, liandike kwenye ujumbe wa kwanza, kabla hata ya kurekodi majaribio. Watayarishaji waungwana huheshimu hilo na hupanga kazi kulingana nalo. Wanachokichukia ni kulisikia mara ya kwanza seti, watu 30 wakisubiri. Mipaka ikishakubaliwa, iingie kwenye mkataba kwa maandishi. Mzazi akiona karatasi hiyo, mazungumzo ya nyumbani huwa mepesi zaidi kuliko ukimwambia tu "niamini, mama".

Mkataba usome ukiwa umekaa, si ukiwa kwenye kiti cha vipodozi. Tafuta haya: malipo ni kwa siku au kwa kipindi, siku ina saa ngapi na zikizidi unalipwaje, nani analipa nauli, chumba na siku za kusubiri, video itatumika wapi na kwa muda gani, na pesa zinalipwa lini. Siku 30, 60, hata 90 baada ya ankara ni jambo la kawaida, kwa hiyo usimwahidi mwenye nyumba kodi ya mwezi huu kwa pesa za kazi ya mwezi huu. Kwenye matangazo, kipengele cha kukuzuia ndicho ghali. Tangazo la maziwa likikufunga mwaka mzima usionekane na maziwa ya kampuni nyingine, mwaka huo una bei yake, juu ya bei ya siku ya kazi.

Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kabla hujaitwa. Ada za kitaalamu kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5: kwenye shilingi 40,000 ni 2,000. Dai cheti cha makato hayo kwenye iTax, mtandao wa KRA, maana bila hicho huwezi kuyadai unapowasilisha ritani, na mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Jiandikishe pia kwenye chama kinachokusanya malipo ya wasanii, waigizaji wakiwemo, kazi zao zinapotumika hadharani.

Majaribio hayalipiwi. Anayetaka ada ya usajili, ya fomu, au ya kukuwekea nafasi, anauza matumaini. Wakala wa kweli huchukua asilimia ya ulicholipwa, baada ya kulipwa. Majaribio ya chumbani hotelini, usiku, peke yako, yakatae. Omba yafanyike ukumbini na mchana, uje na kaka au rafiki akae nje ya mlango. Mwenye kazi halali hatakasirika.

Kazi ikiisha, kuna jambo la mwisho ambalo watu huliacha mpaka likawa haliwezekani. Kabla ya kusaini, omba kiongezwe kipengele kwamba utapewa kipande chako kwa ajili ya video ya sampuli baada ya kuonyeshwa, na jina lako liandikwe kwenye orodha ya mwisho kama unavyoliandika mwenyewe. Kipindi kikisharushwa, mwandikie msaidizi wa uzalishaji wiki hiyo hiyo, ukitaja tarehe na nambari ya sini, kwa kuwa kampuni nyingi huhamisha mafaili baada ya msimu. Weka nakala mbili, moja nje ya simu. Video ya sampuli isizidi dakika 2, ianze na sini yako bora na si na jina lako likizunguka, na katika sekunde 10 za kwanza anayeonekana awe wewe, maana mtazamaji asiyekujua atadhani mhusika ni yule mwenzako mwenye maneno mengi. Kila upatapo kipande kipya kilicho bora, toa kimoja cha zamani.